UZI: Hewa, mawingu na mvua kwa wanafunzi wa Goma, Bukavu na Lushi (Lubumbashi). Leteni maswali

Prof_Himbi (mwanzilishi wa uzi)

Jambo sana, wakubwa kwa wadogo.

Ninasahihisha madaftari ya jografia mwaka nenda mwaka rudi, na kuna kitu kinanikera. Mtoto anaandika maana ya halijoto, unyevu, mgandamizo wa hewa na mvua ya milima, yote bila kukosa herufi. Sasa muulize kwa nini saa nane mchana mawingu yamejazana juu ya vilima vya Masisi huku katikati ya Ziwa Kivu ni kweupe. Anatazama dari.

Basi sitaandika hapa orodha ya maana za maneno, hizo ziko daftarini. Nataka mshike jambo moja: hewa ikipanda hupoa, ikishuka hupata joto. Ukilielewa hilo kwa sababu zake, nusu ya sura ya hali ya hewa umeimaliza, na nusu nyingine itakuja yenyewe.

Sababu ni hii. Hewa ina uzito. Pale ulipo, hewa yote iliyo juu yako inakukandamiza. Usawa wa bahari mgandamizo huo ni karibu hektopaskali 1013 (hektopaskali ndicho kipimo chake). Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo sehemu ya hewa tumeiacha chini yetu, na mgandamizo wetu ni kama hektopaskali 850. Kadiri unavyopanda, unazidi kupungua. Hewa inayopanda inakuta haibanwi sana, inatanuka, na ili itanuke inatumia nguvu iliyo ndani yake yenyewe, yaani joto lake. Bonyeza valvu ya tairi la piki uone: hewa inayotoka ni baridi kwenye kidole hata kama piki imeshinda juani. Kinyume chake, jaza tairi kwa pampu ya mkono halafu shika pampu upande wa chini. Imechemka, na hakuna aliyeiweka motoni.

Hewa kavu inayopanda inapoteza karibu digrii 10 kwa kila kilomita. Ikianza kutengeneza wingu inapoa polepole zaidi, kwa sababu mvuke unapogeuka matone unarudisha joto ulilolibeba. Ndiyo maana vitabu vinatoa wastani wa digrii 6.5 kwa kilomita kwa angahewa yote. Piga hesabu: kilele cha volkano ya Nyiragongo ni mita 3,470. Kati yake na mjini kuna kama kilomita mbili. Toa digrii 13. Waliolala kule juu wanajua kwamba hesabu hii haina mzaha.

Maswali yaje.

Binti_Kadutu

Aksanti Prof. Swali langu labda ni la kitoto. Jua liko juu. Mlima Kahuzi uko juu kuliko Bukavu, kwa hiyo uko karibu zaidi na jua. Mbona kule ni baridi? Hilo la valvu nimelielewa, ila kichwa bado kinakataa.

Prof_Himbi

Si la kitoto, mdogo wangu. Jua liko umbali wa kilomita kama milioni 150. Ukipanda kilomita moja au mbili kulikaribia hujafanya kitu.

Kubwa zaidi ni kwamba jua halipashi hewa moja kwa moja, au tuseme linaipasha kidogo sana. Mwanga mwingi unapita ndani ya hewa na kugonga ardhi. Ardhi inapata joto, kisha ardhi ndiyo inayopasha hewa kutokea chini. Kanyaga mawe meusi ya lava bila viatu saa saba mchana uone jiko la hewa liko wapi. Kwa hiyo hewa ya chini ina joto, inakuwa nyepesi, inapanda, inapoa. Unaona tumerudi palepale.

Na hii ni kwa wale wanaopima halijoto kwa kazi ya shule: msitundike kipimajoto kwenye ukuta wa mawe ya volkano. Mtapima ukuta. Kipimajoto kinakaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, kama mita moja na nusu hadi mbili kutoka chini, juu ya majani kama yapo.

Mama_Birere

Mimi shule niliishia katikati, lakini nauza chakula na nina langu. Nilipokuwa Uvira maharagwe yaliiva haraka. Nimehamia Goma, maharagwe yaleyale, sufuria ileile, makala (mkaa) yanaisha na maharagwe bado ni magumu. Watu wakaniambia ni maji ya huku. Hiyo nayo ni hewa?

Prof_Himbi

Mama, ni hewa hasa, na umeleta mfano ninaoutumia darasani. Maji yanachemka pale mvuke wake unapoweza kuushinda mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Mgandamizo ukiwa mdogo, maji yanachemka mapema, kabla hayajafika digrii 100. Uvira iko kandokando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 770 na kitu, maji yanachemka kwenye digrii 97 hivi. Hapa Goma ni kama 95. Ukishafika hapo, hata uongeze makala kiasi gani, maji hayapiti 95, yanatoa mvuke tu. Maharagwe yanapikwa kwa joto dogo, kwa hiyo yanataka muda. Maji nayo yanaweza kuchangia, yakiwa na chumvichumvi, lakini mimi ningeanza na mwinuko. Yaloweke usiku mzima na ufunike sufuria vizuri kwa jiwe juu ya kifuniko. Sufuria yenye kubana mvuke ingekuwa bora zaidi, ila najua bei yake.

Kijana_Kamalondo

Salamu kutoka Lushi. Nyinyi wa Kivu mnalalamikia mvua, sisi huku kuanzia Mei hadi Septemba hatuoni hata tone. Vumbi tu. Na usiku wa Juni na Julai ni baridi ya kuvaa makoti mawili, wakati mchana jua linawaka. Nchi ni moja, mbona hali haifanani? Na mbona mchana jua kali halafu usiku baridi?

Meteo_Mstaafu

Prof, niruhusu nijibu hili. Nilifanya kazi ya kupima hewa uwanja wa ndege miaka mingi kabla ya kupumzika.

Kijana, mvua za nchi za joto zinafuata jua, kwa kuchelewa kidogo. Pale jua linapokuwa wima utosini, ardhi inapata joto sana, hewa inapanda, na pepo za kaskazini na za kusini zinakuja kujaza nafasi. Zinakutana hapo na kupanda pamoja. Huo ndio mkanda wa makutano ya pepo. Mkanda huo hauketi mahali pamoja, unahama kaskazini na kusini mwaka mzima.

Goma na Bukavu ziko karibu na ikweta. Jua linapita utosini mwao mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Septemba, na kati ya hizo kuna nafasi ndefu. Kwa hiyo mvua inazidi mara mbili kwa mwaka, na ukavu wa kweli ni Juni, Julai na sehemu ya Agosti. Lubumbashi iko zaidi ya digrii 11 kusini. Kwenu jua linapita utosini mwishoni mwa Oktoba, linashuka kusini, linarudi kupita tena baada ya katikati ya Februari. Mapito hayo mawili yako karibu, mvua zake zinaungana kuwa masika moja. Baada ya hapo mkanda unaondoka kwenda kaskazini, nanyi mnabaki chini ya hewa inayoshuka.

Hewa inayoshuka inafanya nini? Prof ameshasema: inapata joto na kukauka. Wingu halijengeki. Anga likiwa wazi, mchana jua linafika chini bila kizuizi. Usiku nalo joto la ardhi linatoroka kwenda juu bila kizuizi, maana hakuna wingu wala mvuke wa kulirudisha. Makoti mawili yanatoka hapo. Asubuhi utaona moshi wa makala na wa mashamba yaliyochomwa umelala chini, haupandi. Hiyo ni kwa sababu ardhi imepoa kuliko hewa iliyo juu yake kidogo, na hewa ya chini, kwa kuwa ni baridi na nzito, haina sababu ya kupanda. Jua likishapasha ardhi, moshi unaanza kuondoka.

Kijana_Kamalondo

Mukubwa, hilo la moshi asubuhi nimelitazama miaka yote bila kujua. Aksanti.

Fundi_Simu_Ndosho

Mimi nina la kwangu. Simu yangu ina kihisi cha mgandamizo. Nimeiweka dukani nikawa naangalia. Kwanza, inaonyesha 850 na kitu, lakini mtandao wa hali ya hewa unaniambia Goma ni 1016. Nani mwongo? Pili, kila siku alasiri inashuka. Nimesoma kwamba mgandamizo ukishuka dhoruba inakuja. Naanika nguo ndani, na mvua hainyeshi.

Meteo_Mstaafu

Hakuna mwongo. Simu inapima mgandamizo wa dukani kwako. Mtandao umechukua namba hiyo ukaisawazisha kana kwamba Goma ingekuwa usawa wa bahari. Bila kufanya hivyo ramani ingeonyesha tu milima iko wapi, maana kila mahali pa juu pangekuwa na namba ndogo. Ukitaka kulinganisha Goma na Kisangani, unatumia namba iliyosawazishwa.

La pili ndilo tamu. Hiyo kanuni ya "ikishuka, dhoruba inakuja" imetoka nchi za baridi, Ulaya na kwingine, ambako mifumo mikubwa ya hewa inapita na kuangusha mgandamizo kwa hektopaskali kumi, ishirini, hata zaidi. Huku karibu na ikweta mgandamizo unapanda na kushuka mara mbili kila siku, kama saa. Unafika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, unashuka chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali chache tu. Ni angahewa nzima inayotikiswa na joto la jua, kwa hiyo kuna mvua hakuna mvua, itashuka. Anika nguo zako nje, fundi. Ukitaka kujua kama mvua inakuja, tazama wingu na upepo.

Na kwa kuwa tumefika ikweta: wanafunzi wanauliza kwa nini sisi hatupati vimbunga vikubwa vya kuzunguka kama vya Msumbiji na Madagaska. Vile vinahitaji bahari yenye joto na vinahitaji mzunguko wa dunia uupindishe upepo. Kwenye ikweta upindishaji huo ni sifuri, na ndani ya digrii kama tano kila upande bado ni mdogo mno. Sisi hatuna vyote viwili. Tuna radi badala yake, na kwa hiyo hatudaiwi na mtu.

Mtoto_wa_Bagira

Afadhali umetaja radi. Mimi nitasema wazi: kwetu radi inaweza kutumwa. Kuna wataalamu wake. Mnaeleza mengine vizuri, lakini hilo msilipite juujuu.

Prof_Himbi

Ndugu, sitabishana na wazee wako. Nitakueleza radi inavyojengwa, kisha utaamua kama inahitaji mtu wa kuituma.

Hewa yenye joto na unyevu inapanda kwa nguvu. Hewa ya digrii 30 ikishiba inabeba karibu gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ya digrii 20 inabeba 17. Ya digrii 10 inabeba kama 9. Kwa hiyo ikipoa, ule mvuke uliozidi unatoka kuwa matone, na joto la huo mvuke linaisukuma hewa izidi kupanda. Wingu linakua hadi kilomita 15 na zaidi. Juu linagonga dari ya angahewa ya chini, linatawanyika, linapata kichwa bapa kama fuawe ya mhunzi. Ukiona kichwa hicho upande wa Masisi, kunja biashara yako.

Ndani ya wingu hilo, sehemu ya juu ni barafu tupu. Vipande vidogo vya barafu vinapanda na upepo, vipande vizito vya mvua ya mawe vinashuka, vinagongana. Katika kugongana vinagawana chaji za umeme: vidogo vinabeba chanya kwenda juu, vizito vinabaki na hasi katikati na chini. Tofauti ikiwa kubwa mno, hewa inashindwa kuzuia, umeme unapita. Njia yake inapata joto la digrii kama 30,000, hewa inatanuka kwa kishindo, na hicho kishindo ndicho ngurumo. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawa kwa tatu, umepata kilomita.

Sasa kwa nini kwetu? Satelaiti ilipima miale ya radi duniani kwa miaka mingi, matokeo yakatolewa mwaka 2016. Namba moja ni Ziwa Maracaibo, Venezuela, miale kama 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Namba mbili ni milima yetu ya mashariki mwa Kongo, 205. Eneo hilo waliliita Kabare, kwa jina la mji wa karibu. Katika kumi za kwanza kuna Kampene, kuna Sake, kuna Butembo. Hewa yenye unyevu inatoka msitu wa bonde la Kongo, inakuja kugonga ukuta wa milima, inalazimika kupanda. Kama kungekuwa na mtu wa kutuma yote hayo, angekuwa hajalala tangu kuumbwa kwa dunia.

Mtoto_wa_Bagira

😂😂 Sawa Prof. Lakini mbona inapiga nyumba moja na kuacha jirani?

Prof_Himbi

Inapenda kilicho kirefu na kilicho peke yake. Mti mmoja uwanjani, nyumba juu ya kilima, mtu amesimama katikati ya shamba. Ukisikia ngurumo, ujue uko ndani ya eneo lake tayari. Ingia ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa, usikae chini ya mti, toka ziwani, subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na shule zenye paa la mabati bila nyaya za kupeleka umeme ardhini, tafadhali, watoto wakae mbali na kuta na nguzo za chuma.

Mvuvi_Kituku

Sisi wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, tunalala mchana, usiku tuko majini. Niongeze: mchana upepo unatoka ziwani kuja mjini, usiku unatoka milimani kwenda ziwani. Baba yangu alijua hilo bila daftari.

Meteo_Mstaafu

Na baba yako alikuwa sahihi kabisa. Ardhi inapata joto upesi na kupoa upesi, maji yanachelewa kwa yote mawili. Mchana hewa inapanda juu ya ardhi na ya ziwani inakuja kujaza. Juu ya ziwa lenyewe hewa inashuka, hivyo ni kweupe: hilo ndilo jibu la swali la Prof pale juu, ambalo hakuna mwanafunzi aliyelijibu, nimeona! Usiku inageuka. Pepo za pande zote za nchi kavu zinakutana juu ya maji, zinapanda, wingu linajengeka humo. Ziwa Victoria ni maarufu kwa dhoruba za usiku kwa sababu hiyo.

Fundi_Mabati

Nafanya kazi za paa. Mteja wa upande wa Rusayo na mteja wa mjini wananunua manjanja (mabati) yaleyale, siku ileile. Ya Rusayo yanaliwa kutu mapema zaidi. Wananilaumu mimi.

Prof_Himbi

Waonyeshe hii. Mvua yote ina asidi kidogo: kaboni dioksidi ya hewani inaiteremsha hadi pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ya karibu 5.6. Nyiragongo inatoa gesi ya salfa na nyingine, na upepo wa huku mara nyingi unatoka mashariki, unalisukuma wingu la volkano kwenda magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Mvua inayopita ndani yake inashuka na asidi kali zaidi, inakula bati na majani ya maharagwe. Maji ya hayo mapaa si ya kunywa.

Mazuku, kabla hamjauliza, si hali ya hewa. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inatuama mashimoni. Upepo unaitawanya, usiku na asubuhi kukiwa kimya inakaa. Usipeleke mbuzi wala mtoto kwenye shimo hilo.

Binti_Kadutu

Prof, sisi darasani tumetengeneza vipima mvua kwa chupa. Jana usiku mimi nimepata milimita 31, mwenzangu wa nyumba ya pili amepata 12. Mvua ni ileile. Nani amekosea?

Prof_Himbi

Kwanza, milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba. Pili, eleza chupa yako ilivyo.

Binti_Kadutu

Chupa ya kawaida iliyonyooka, kipenyo sentimita 10, chini nimejaza maji hadi alama ya sifuri ili yale matuta ya kitako yasidanganye. Juu nimeweka faneli kubwa ya plastiki, ya kumiminia mafuta, mdomo sentimita 16. Mwenzangu amekata kichwa cha chupa akakigeuza.

Prof_Himbi

Umepata jibu na hujui. Faneli yako inakusanya mvua ya eneo kubwa na kuimwaga kwenye chupa nyembamba. 16 gawa kwa 10 ni 1.6, zidisha kwa yenyewe, 2.56. Sasa 31 gawa kwa 2.56.

Binti_Kadutu

12.1! Ni sawa na mwenzangu.

Mama_Birere

Na paa langu la mita nane kwa tano lingenipa ngapi?

Binti_Kadutu

Mita za mraba 40 mara 12, lita 480. Bidoni 24 za lita ishirini, mama.

Mama_Birere

Bidoni 24! Na leo asubuhi nimenunua maji.

Fundi_Mabati

Mama, niandikie faragha, nikufungie mfereji wa paa. Dakika za kwanza acha yamwagike, yanabeba masizi na vumbi, yanayofuata ni ya kufulia na kuoshea vyombo.